Lincoln ya Pennsylvania: chuo kidogo cha mashambani kiliwezaje kutoa Hughes, Marshall, Azikiwe na Nkrumah ndani ya miaka kumi?

#1 Mkwajuni
Wakuu, salaam.

Nataka tujadili vyuo vya kihistoria vya Weusi Marekani, lakini kupitia chuo kimoja. Lincoln ipo kaunti ya Chester, Pennsylvania, mashamba kila upande, jirani na kimji kinachoitwa Oxford. Wanafunzi wake miaka ile ni mia chache tu, wanaume watupu. Tazameni sasa: 1929 anahitimu mshairi Langston Hughes. 1930 wanatoka pamoja Thurgood Marshall, aliyekuja kuwa jaji wa kwanza Mweusi katika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria. 1935 anaingia Kwame Nkrumah, anahitimu 1939, anaongeza shahada ya theolojia 1942, na mwisho anaiongoza Ghana kupata uhuru.

Hoja yangu ni kwamba ukipima kwa ukubwa wa chuo, hakuna kilichoifikia Lincoln katika kipindi hicho, hata Howard, chuo kikuu cha Weusi cha Washington. Kwa nini? Nasubiri majibu yenye nyama.

#2 Nyaraka
Ahsante kwa uzi. Jibu la kwanza lipo kwenye jina la zamani la chuo. Kilipewa hati 1854 kikiitwa Ashmun Institute. Mwanzilishi ni mchungaji wa Kipresbiteri, John Miller Dickey, pamoja na mkewe Sarah Emlen Cresson. Huyo Jehudi Ashmun aliyepewa heshima ya jina alikuwa wakala wa makazi ya Liberia. Jina la Lincoln lilikuja 1866, mwaka mmoja baada ya rais huyo kuuawa.

Wahitimu wa mwanzo kabisa, ndugu wawili James na Thomas Amos pamoja na Armistead Miller, walimaliza 1859 wakapelekwa Liberia kama wamisionari. Kwa hiyo Afrika haikuingia Lincoln na Azikiwe. Chuo kilijengwa tangu msingi kikiwa na Afrika kichwani, hata kama nia ya wengi waliounga mkono mpango wa Liberia ilikuwa kuwaondoa Weusi huru Marekani. Mwafrika aliyeomba nafasi pale miaka ya 1920 alibisha mlango uliokwisha kuzoea wageni wa aina yake.

#3 WakiliMsomi77
Mkuu Mkwajuni, umemkata Marshall nusu. Lincoln ilimpa shahada ya kwanza. Marshall tunayemjua sisi wa sheria ametengenezwa Howard, Washington, alikomaliza sheria 1933 akiwa wa kwanza darasani. Wa pili alikuwa Oliver Hill, ambaye baadaye alisimamia kesi ya Virginia iliyounganishwa ndani ya Brown, kesi ya 1954 ambayo Mahakama ya Juu ilipiga marufuku shule za umma zilizotenganishwa kwa rangi.

Howard yenyewe mnaisifu bila kumtaja fundi wake. Charles Hamilton Houston alikabidhiwa shule ya sheria 1929. Alifunga masomo ya jioni, akaifanya shule ya kutwa yenye masharti magumu, na 1931 ikapata kibali cha chama cha mawakili wa Marekani. Alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba wakili asiyeijenga jamii anainyonya. Na msimhesabu Houston kama zao la vyuo hivi: alisoma Amherst, kisha Harvard. Mhitimu maarufu anaweza kutoka chuo cha Weusi kwa mikono ya mwalimu aliyesoma kwingine, na Lincoln ya wakati huo ilikuwa hivyo hivyo, walimu wote Wazungu.

#4 Kipusa_wa_Kisauni
Ongezeni na Cab Calloway, mwanamuziki. Alikuwa darasa moja na Marshall pale Lincoln. Na Paul Robeson pia wa hapo hapo.

#5 Nyaraka
Kipusa, hayo mawili yanarudiwa sana, tuyaweke sawa kabla hayajaota mizizi humu.

Calloway alisoma Crane College, Chicago, akaacha masomo kwa ajili ya muziki. Aliyehitimu Lincoln, 1898, ni baba yake, naye alikuwa mwanasheria. Robeson vilevile: yeye ni wa Rutgers, 1919. Baba yake, William Drew Robeson, aliyezaliwa utumwani akatoroka, ndiye wa Lincoln: shahada ya kwanza 1873, theolojia 1876. Kosa ni moja kwa wote wawili, mtoto kavishwa joho la baba.

#6 BabaTatu
Hahaha, Kipusa leo kapigwa mbili kwa mpigo. Lakini hizo habari za baba zinanipa jibu la pili kwa Mkwajuni. Marshall, Hughes na wenzao waliingia chuo ambacho kwa zaidi ya miaka sitini kilikuwa kimetoa wachungaji, madaktari na mawakili, na hao nao walikuwa na watoto, makanisa na barua za kupendekeza. Chuo chenyewe kinadai kwamba katika miaka yake mia ya kwanza kilitoa karibu asilimia 20 ya madaktari Weusi wa Marekani na zaidi ya asilimia 10 ya mawakili. Hata ukipunguza kwa kuwa mwenye duka ndiye anayesifu bidhaa yake, huo bado ni mtandao mzito.

Halafu mmemsahau Lloyd Gaines, aliyeshinda kesi ya 1938. Naye ni wa Lincoln.

#7 WakiliMsomi77
BabaTatu, Lincoln ya wapi? Ziko mbili! Ya Gaines ni Lincoln University ya Jefferson City, Missouri, iliyoanzishwa 1866 kwa fedha walizochanga askari Weusi wa vikosi vya 62 na 65 waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Haina uhusiano na ya Pennsylvania.

Kesi yenyewe inastahili kuelezwa, maana inaonyesha vyuo hivi vilitoa mawakili na pia walalamikaji. Gaines alihitimu 1935 akaomba kusoma sheria Chuo Kikuu cha Missouri. Msajili, S. W. Canada (ndiyo maana kesi inaitwa Gaines dhidi ya Canada, nchi ya Kanada haimo), akamkatalia. Jimbo likasema litamlipia ada akasome jimbo jirani. Houston akapeleka hoja hadi Mahakama ya Juu na Desemba 1938 akashinda kwa kura 6 dhidi ya 2: jimbo likimpa Mzungu elimu ya sheria ndani ya mipaka yake, limpe na Mweusi ndani ya mipaka hiyo hiyo. Kumtuma nje hakutoshi.

Missouri ikaharakisha kufungua shule ya sheria ya Weusi huko St. Louis, chini ya Lincoln. Kabla hawajarudi mahakamani kuonyesha kwamba shule hiyo haikuwa sawa na ile nyingine, Gaines akatoweka. Mara ya mwisho alionekana Chicago, Machi 1939, na hajulikani alipoishia mpaka leo. Udhaifu wa mkakati mzima ulikuwa hapo: kesi ya kujiunga na chuo inamhitaji mlalamikaji aliye hai, mwenye sifa, anayetaka kusoma kweli. Akiondoka, hakuna kesi.

#8 ShangaziChumbageni
Wanangu, hongereni kwa mjadala, lakini nimesoma saba zote na mwanamke ni mmoja tu, mke wa mchungaji. Kama kipimo ni Lincoln, wanawake hawatatokea, kwa sababu hakikuwa chuo cha mchanganyiko mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Howard iliwapokea tangu mwanzo. Basi hoja ya #1 kwamba Lincoln imeipita Howard inaanza kwa kulifuta nusu la wahitimu.

Howard ina mwandishi Zora Neale Hurston, aliyepata cheti cha miaka miwili 1920 kabla ya kwenda chuo cha Barnard. Ina mwandishi Toni Morrison, 1953. Ina Kamala Harris, 1986. Na kwa wewe wakili, ina Pauli Murray: alimaliza sheria 1944 akiwa wa kwanza, mwanamke pekee darasani. Akiwa bado mwanafunzi aliandika kwamba tuache kudai mabehewa na shule zilizo sawa, tuishambulie kanuni yenyewe ya kutenganisha. Wenzake walimcheka. Spottswood Robinson, mwalimu wake, alikuja kuitoa karatasi ile na kuitumia wakati Brown inaandaliwa.

#9 WakiliMsomi77
Shangazi, hapo umenena. Nakazia kwa kutaja walalamikaji wanawake. Ada Lois Sipuel alihitimu chuo cha Weusi cha Langston, Oklahoma, 1945. Alipoomba sheria Chuo Kikuu cha Oklahoma akakataliwa, na 1948 Mahakama ya Juu ikaamuru apewe elimu hiyo mara moja. Jimbo likabuni shule ya sheria ya Weusi ndani ya jengo la bunge la jimbo, akaisusa, na 1949 wakamfungulia mlango wa chuo chenyewe. Autherine Lucy ni mhitimu wa Miles College, Alabama, 1952. Aliingia Chuo Kikuu cha Alabama Februari 1956 kwa amri ya mahakama, fujo zikazuka, chuo kikamwondoa kwa kisingizio cha usalama wake.

Ila Mkwajuni, kwa mada yako kesi iliyo muhimu kuliko zote ni Sweatt ya 1950. Heman Sweatt, mhitimu wa Wiley College, aliomba sheria Chuo Kikuu cha Texas. Texas ikamwekea shule yake ya vyumba vichache chini ya jengo huko Austin. Marshall, wakili wa Sweatt, alipofika Mahakama ya Juu, hesabu ya walimu na vitabu ilikuwa wazi, lakini mahakama ikaenda mbali zaidi. Ikasema shule ya sheria ina sifa zisizopimika, na miongoni mwazo ikataja hadhi na ushawishi wa wahitimu wake. Mnaona uzito wake? Orodha za wahitimu mashuhuri tunazozibishania hapa zilikuwa kipimo cha haki mbele ya sheria. Jimbo linaweza kununua vitabu 10,000 mwezi huu. Wahitimu wa miaka 60 halinunui.

#10 Mkwajuni
Shangazi, nakusikia, nami nabaki na kipimo changu cha ukubwa. Howard ilikuwa na shule za udaktari, sheria, meno na mengine, kwa hiyo majina mengi ni jambo la kutarajiwa. Nachotaka ni sababu ya Lincoln.

BabaTatu ana mtandao, Nyaraka ana Liberia. Mimi nadhani ni mtu mmoja, Azikiwe. Alifika Marekani 1925 akaanzia Storer College, West Virginia, akahamia Howard, pesa zikamshinda, akamalizia Lincoln. 1934 alirudi Afrika Magharibi akawa mhariri wa gazeti Accra, na kule akawasukuma vijana waende Marekani. Nkrumah alimsikiliza, akaondoka 1935. Baada yake akaja Ako Adjei, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wale viongozi sita waliokamatwa Gold Coast (Ghana ya leo) 1948. Ondoa Azikiwe na Nkrumah hafiki Pennsylvania.

#11 MwanaKabete
Rudi nyuma hatua moja, mkuu. Nani alimsukuma Azikiwe? James Kwegyir Aggrey, na Aggrey hakuwa wa Lincoln wala Howard. Alihitimu Livingstone College, Salisbury, North Carolina, 1902, chuo cha kanisa la AME Zion. Azikiwe alimsikia akihubiri Lagos akiwa kijana. Nkrumah alifundishwa chini yake katika chuo cha Achimota, Gold Coast, na kifo cha Aggrey 1927 ndicho kilichomfanya aiwaze Marekani kwa dhati. Mnaihesabia Lincoln matunda yaliyopandwa na mhitimu wa chuo ambacho humu hakuna aliyekitaja.

Na Aggrey alifika kwetu. 1924 alikuwa katika tume ya elimu ya Phelps-Stokes iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Jeanes School hapa Kabete, kwa mfano wa mafunzo ya vijijini ya Weusi wa kusini mwa Marekani: mwalimu anafundishwa usafi, kilimo, useremala na ususi, kisha anazunguka shule za vijijini kuwafundisha wenzake. Serikali ya kikoloni iliupenda mfumo wa Hampton na Tuskegee, vyuo vya Weusi vilivyofundisha kazi za mikono, kwa sababu ilidhani hautazaa wanasiasa.

Ilidhani vibaya. Mbiyu Koinange, mwanasiasa wetu wa Kenya, alikwenda Hampton, Virginia, 1927, akaendelea Ohio Wesleyan na Columbia, akarudi 1938, na mwaka uliofuata Githunguri ikawa na chuo chake cha ualimu, nje ya mikono ya serikali na ya misheni. Hampton ilitegemewa itoe mafundi watulivu. Kwetu ilitoa Koinange.

#12 BabaTatu
MwanaKabete, Koinange ni Hampton kwa kuanzia tu. Shahada zake ni Ohio Wesleyan na Columbia, vyote vya Wazungu. Usimchukue mzima mzima.

#13 MwanaKabete
Sijamchukua mzima, nimetaja vyote vitatu. Ila niambie: Githunguri, wazazi walivyochanga na kujenga wenyewe, inafanana na Columbia au na Hampton? Kuchoma tofali zenu, kujenga madarasa yenu, kuchangisha kanisani, hayo hayafundishwi Columbia.

#14 Fundi_Tofali
Umetaja tofali, nimeshindwa kupita. Booker T. Washington ni mhitimu wa Hampton, 1875, na alipoanzisha Tuskegee 1881 hakuwa na majengo. Aliamua wanafunzi wafyatue tofali. Tanuru la kwanza lilikuwa na tofali kama 25,000, likaharibika, kwa kuwa halikupangwa wala kuchomwa ipasavyo. La pili likaharibika. La tatu lilikaribia mwisho wa kuchomwa, zikiwa zimebaki saa chache, usiku likabomoka. Fedha zikaisha, akaweka saa yake rehani kwa dola 15, na la nne likakubali.

Kwa asiyejua kazi hii: tofali lisipokauka ndani, maji yakishikwa na moto yanatoka kwa nguvu, linapasuka na kumpasua jirani yake. Moto ukipandishwa haraka siku ya kwanza, ni hasara. Njia za moto chini zisipopangwa sawasawa, upande mmoja unaiva hadi kuyeyuka na mwingine unabaki udongo, na tanuru linalala upande uliolainika. Ndiyo maana tanuru linaweza kuanguka mwishoni kabisa, wakati moto umefika kileleni. Mwanafunzi aliyepita kwenye matanuru manne namna ile ametoka na elimu. Msiidharau Tuskegee kwa sababu haikufundisha Kilatini.

#15 Kipusa_wa_Kisauni
Fundi, uzi wa marais umegeuka uzi wa tanuru, na nimeupenda zaidi.

Ila hapa sitakubali kupigwa ya tatu: Marshall ndiye aliyeiandikia Kenya katiba ya uhuru. Hilo linajulikana.

#16 WakiliMsomi77
Dada, umekaribia kuliko mara mbili za mwanzo. Januari 1960 Marshall alikuja Nairobi kwa mwaliko wa kina Tom Mboya, kisha akaenda London kwenye mkutano wa kwanza wa Lancaster House, wa kujadili katiba ya Kenya, akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika. Huko akaandika rasimu ya sura ya haki za binadamu. Katiba nzima hakuiandika, na sura ya haki iliyoingia kwenye katiba ya 1963 ilitengenezwa na wanasheria wa ofisi ya makoloni, wakifuata mfano wa Nigeria.

Kilichomo katika rasimu yake kinafaa kusomwa. Mtu aliyetumia maisha kuwatetea Weusi walio wachache Marekani alifika mahali ambapo wachache ni Wazungu na Wahindi, na akawaandikia ulinzi ule ule, pamoja na fidia ya haki kwa mali itakayochukuliwa na serikali. Kwa wasio na ardhi hilo lilikuwa chungu. Kwake kanuni ilikuwa moja.

Na lile la kwamba alikataliwa sheria Maryland kwa rangi yake: Maryland haikuwapokea Weusi, hilo halina ubishi, lakini wanahistoria wanabishana kama aliomba rasmi au aliona hakuna haja ya kupoteza wino. Lililo wazi ni kwamba akiwa na Houston aliifikisha Maryland mahakamani kwa niaba ya Donald Murray, na Januari 1936 mahakama ya rufani ya jimbo ikathibitisha kwamba Murray apokelewe. Murray mwenyewe alitoka Amherst.

#17 Zomba_Mjini
Nisaidie upande wa Ziwa Nyasa, Malawi. Hastings Banda, rais wa kwanza wa Malawi, alimaliza Wilberforce Institute, Ohio, 1928, kisha Chicago 1931, na udaktari Meharry, Nashville, 1937. Meharry ni chuo cha tiba cha Weusi. Kabla yake ni John Chilembwe: alisoma Lynchburg, Virginia, kwenye seminari ya Wabaptisti Weusi, akarudi 1900 na kuanzisha misheni Chiradzulu. Novemba 1914 aliandika barua kupinga Waafrika kufia vita visivyowahusu, baada ya mapigano ya Karonga na Wajerumani waliotoka upande wa Tanganyika. Januari 1915 akainua silaha, akauawa Februari.

Kwa hiyo Lincoln haina hakimiliki ya kutoa wapigania uhuru. Nionavyo mimi njia ilikuwa makanisa. AME (kanisa la Kimethodisti la Weusi) na Wilberforce, AME Zion na Livingstone, Wabaptisti na Lynchburg, Wapresbiteri na Lincoln. Charlotte Maxeke wa Afrika Kusini alifika Wilberforce baada ya kwaya yake kukwama Ohio, na AME ndiyo iliyomshika mkono. Mwafrika alikwenda chuo ambacho kanisa lake lilimlipia.

#18 Kipusa_wa_Kisauni
Na wa Mboya, wale wanafunzi Wakenya waliopelekwa Marekani kwa ndege kuanzia 1959? Baba yake Obama, Wangari Maathai? Hao si vyuo vya Weusi?

#19 Nyaraka
Hapana, wote wawili. Obama mzee alikuwa Hawaii. Maathai alikuwa Mount St. Scholastica, Kansas, chuo cha masista Wakatoliki, akahitimu 1964. Katika kundi la 1959, lililokuwa na wanafunzi 81, wapo waliopelekwa vyuo vya Weusi kama Philander Smith, Little Rock. Mboya mwenyewe alipewa na Howard shahada ya heshima mwaka huo, na shahada ya heshima haimfanyi mtu mhitimu. Nkrumah anayo ya Lincoln ya 1951, na wengine huichanganya na zile alizozisomea.

Kabla ya kuandika kwamba fulani ni mhitimu wa chuo fulani, fanyeni hivi. Thibitisha kwanza kwamba chuo kimo katika hesabu ya vyuo vya kihistoria vya Weusi: sheria ya elimu ya juu ya 1965 inahesabu vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo kuu la kuwasomesha Weusi, na vimebaki takriban 100. Medgar Evers College ya New York ina wanafunzi Weusi wengi ila ni ya 1970, haimo. Pili, tafuta jina la chuo kwa mwaka ule. Hampton na Tuskegee zilikuwa Institute hadi miaka ya 1980. Atlanta University iliungana na Clark 1988. Ukitafuta jina la leo kwenye karatasi za 1920 hutaona kitu. Tatu, fungua katalogi ya mwaka unaofuata mahafali, si ya mwaka wenyewe, kwa sababu orodha ya waliotunukiwa huchapishwa baadaye. Mwisho, linganisha na ratiba ya mahafali, maana anayetarajiwa kumaliza huweza kukwama kwenye somo moja au ada.

Wanaokosea wengi hukosea hatua ya tatu. Wanaona jina la mtu kwenye orodha ya wanafunzi wa mwaka wa nne, wanamtunuku shahada.

#20 ShangaziChumbageni
Nyaraka, Mungu akuzidishie. Ila kwa hilo la chuo gani kilikuwa cha kwanza, utuchagulie moja basi.

#21 Nyaraka
Shikamoo Shangazi. Hakuna moja. Cheyney ilianza 1837, lakini kama shule ya vijana, shahada zilikuja baadaye sana. Lincoln ya 1854 ilikuwa chuo cha shahada tangu mapema. Wilberforce ya 1856 ilinunuliwa na kanisa la AME 1863, ikawa ya kwanza kumilikiwa na Weusi wenyewe. Kila kimoja kina haki na bango lake.

#22 BabaTatu
Nirudi kwenye swali la Mkwajuni kwa jibu lisilopendeza. Wangeenda wapi? Princeton ilikuwa imefunga mlango kwa Weusi, na vyuo vya Wazungu vya kusini vilevile. Ukibana maelfu ya vijana wenye akili kwenye milango michache, kila mlango utaonekana una muujiza. Na sisi tunawahesabu waliofanikiwa tu. Waliokaa darasa moja na Marshall wakawa walimu wa shule za msingi hatuwajui.

#23 MwanaKabete
Hiyo inaeleza kwa nini walikuwa chuo cha Weusi. Haielezi kwa nini chuo hiki. Milango ilikuwa zaidi ya themanini.

#24 WakiliMsomi77
Na haielezi ubishi uliokuwepo ndani. 1929 Hughes aliwahoji wanafunzi wenzake wa miaka ya juu kama wanataka walimu Weusi, na wengi walisema hapana, wabaki Wazungu watupu. Hebu fikirini, Weusi kwenye chuo cha Weusi. Kura ikarudiwa baadaye na Marshall akiwa upande wa mabadiliko. Rais wa kwanza Mweusi wa chuo hicho, Horace Mann Bond, mhitimu wa 1923, alipatikana 1945. Vijana mia chache mashambani, hakuna pa kwenda jioni, wanabishana juu ya jambo linalowauma, na chama cha midahalo kinawapeleka kushindana na vyuo vingine. Mimi nikiulizwa Lincoln ilimpa Marshall nini, ni mdomo. Sheria aliikuta Howard.

#25 Mkwajuni
Mdomo ulikuwepo na Fisk, chuo kingine cha Weusi, wakuu. Msomi Du Bois alitoka huko 1888. Bado sijaona kinachoitenga Lincoln ila Azikiwe.

#26 Zomba_Mjini
Na mimi bado naona kanisa.

#27 Nyaraka
Kati ya kanisa na Azikiwe kuna njia ya kupima. Katalogi za Lincoln za miaka ile huorodhesha mwanafunzi na anakotoka. Tuhesabu Waafrika mwaka kwa mwaka, tutenganishe Liberia, Afrika Kusini, Nigeria na Gold Coast. Kama Wanigeria na wa Gold Coast wanaongezeka baada ya 1934, Mkwajuni ana hoja. Kama Waafrika walikuwa wengi vile vile kabla ya hapo, Zomba ana hoja. Tuangalie pia nani yuko theolojia na nani yuko shahada ya kawaida, maana mtu wa kanisa ataonekana upande wa theolojia. Mimi nachukua 1935 hadi 1940. Nani anachukua 1925 hadi 1934?

#28 Zomba_Mjini
Nipe mimi.

#29 Fundi_Tofali
Mkishamaliza hizo, angalieni pia kama katalogi zinasema majengo ya Lincoln yalijengwa na nani.